Kipande cha Mkiani

Machi 4
Mto umepungua. Nimeondoka na pikapu jua likichomoza, kilomita 118 hadi bonde la Colorado Ndogo, nikarudi saa tisa alasiri na mzizi mmoja tu. Lakini huo mmoja! Urefu sentimita 139, unene wa kichwani 21, wa mkiani 14. Mti wenyewe ulikufa miaka mingi iliyopita. Mafuriko ya wiki iliyopita yamekuja tu kuutoa mzizi kaburini. Mwepesi kama mkate. Nimeukokota mita 300 kwenye tope na sikupumzika hata mara moja, na nina miaka hamsini na nane.

Daftari hili nililitumia kazini Winslow kuandikia vipimo vya mabomba. Zimebaki kurasa 61. Nitaandika hadi Julai, katsina, roho wanaotuletea mvua, watakaporudi kwao mlimani, maana mwaka jana nilitegemea kichwa kukumbuka nani alisema nini, na mwishowe kila mtu akasema hakusema.

Ninachokumbuka mimi ni hiki. Julai iliyopita, tarehe 22, Talasi, mjukuu wa dada yangu Leona, alisimama uwanjani na wasichana wenzake. Katsina wakapita na zawadi. Wenzake walipewa tihu, mwanasesere wa mzizi, kila mmoja wake. Yeye akapewa bua la mahindi peke yake. Alilishika siku nzima, akalala nalo. Baba yake ni mtu wa Oklahoma, si wa kwetu, kwa hiyo upande huo hakuna wa kumkumbuka. Upande wetu tupo wawili: mimi, na Mjomba Orin, kaka wa marehemu mama yetu. Mjomba ndiye husema kipi kinafaa na kipi hakifai. Nilichokuwa nimekichonga alikikataa. Wiki saba za kazi. Alikigeuza mikononi kwa sekunde kumi, akasema, “Huyu anamtazama mnunuzi.” Akanirudishia. Yeye mwenyewe hakuleta chochote.

Nisingeandika haya kama Talasi angekuwa anajua kusoma.

Jioni nimeukata mzizi vipande vitatu: cha kichwani, cha kati, cha mkiani. Nimevibisha kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Cha kichwani kimelia vizuri. Cha kati kimelia kama ngoma ndogo. Cha mkiani kimeitika kama mtu mwenye mafua. Ndani kuna ufa. Kwa nje huoni kitu, laini kabisa, lakini nimeokota mizizi kwa miaka kumi na moja na sijawahi kudanganywa na sauti. Nimekiwekea nukta ya penseli chini.

Machi 5
Mjomba amekuja asubuhi kwa miguu, na fimbo. Pikapu yake haijatoka uani tangu Novemba. Anasema anapenda kutembea.

Ameketi, amekunywa kahawa ya Leona vikombe viwili, akasema amesikia mto umenipa. Nikamwambia umenipa kidogo. Akauliza kidogo kwa kipimo cha nani. Leona akacheka. Kisha akaniomba kipande kimoja, chochote, cha kuufanyisha mkono mazoezi kabla haujasahau.

Nimekwenda bandani, nimesimama mbele ya vile vipande vitatu pengine dakika moja. Nikamletea cha mkiani.

Alikibisha mara tatu. Akakiweka sikioni, akakibisha mara ya nne.

“Kikavu,” akasema.

“Kikavu sana, Mjomba.”

“Ahsante, mpwa wangu.”

Hakuna aliyesema uongo. Ni kikavu.

Machi 17
Upepo. Hakuna la kuandika.

Machi 20
Kipande cha kichwani nimempa mchongaji wa kijiji cha pili kwa pikapu mbili za kuni za mreteni. Alikikumbatia kama mtoto. Kuni zitatufikisha Desemba.

Kilichobaki ni cha kati, na hicho ni cha maonyesho ya Agosti. Nimeshapeleka kazi huko mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa wa nne kati ya wanne. Mara ya pili hawakuandika hata nafasi. Safari hii nitachonga mchezaji ngoma katikati ya hatua, mguu mmoja juu, kila unyoya umekatwa kwenye mti wenyewe bila gundi. Nataka waone aibu.

Machi 29
Ngoma jana na leo. Ya ndani hayaandikwi. Leona amepika mchuzi wa kondoo na mahindi, wamekula watu 34.

Aprili 6
Nimeanza. Banda la bati, kufuli mbili, dirisha nimeliziba kwa gunia.

Hayo si kwa ajili ya wezi. Mtoto ambaye hajaingizwa kwenye mambo ya kwetu haoni tihu akichongwa. Tihu hutoka kwa katsina. Hivyo ndivyo mtoto anavyojua na hivyo ndivyo ilivyo. Mkono ulioshika kisu haumo katika habari. Hata hiki cha maonyesho, ambacho hakimhusu mtoto yeyote, hapaswi kukiona kikiwa nusu.

Na Talasi sasa ni hatari, kumbe ameshajua kusoma. Jana alisoma gazeti lililofungiwa pilipili, neno kwa neno, mpaka bei. Nimeligongomelea daftari msumari wake, mita mbili na nusu kutoka sakafuni.

Aprili 11
Mvua, milimita 6. Imenyesha kama saa moja.

Aprili 23
Tumepanda mahindi ya mapema. Mjomba amekuja shambani na muo wake wa kuchimbia. Mimi hupanda kwa kamba yenye mafundo, hatua nne kati ya shimo na shimo, kina cha sentimita 30 ili mbegu ifikie unyevu. Yeye hana kamba. Anatembea akihesabu kwa mdomo, anachimba, anatia punje, anafukia kwa mguu. Mstari wake ulikwenda umepinda kushoto, mwisho ukaingia wangu.

Nikamwambia, Mjomba, umelewa? Akasema mahindi hayajui kusoma rula. Kisha akaniuliza kama yale mabomba yangu ya Winslow bado yamenyooka, au yamechoka kusimama wima kama askari. Talasi aliyekuwa anabeba maji alicheka mpaka akayamwaga.

Nilikasirika siku nzima. Nimejifunza kila kitu peke yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikwenda kwenye vioo vya maduka ya Flagstaff na daftari, nikakadiria tihu 40 kwa macho: kichwa theluthi, kiuno robo, mikono hivi. Nikajitengenezea jedwali. Kwa jedwali hilo nimechonga 163. Huyu mzee, aliyeishi mita 200 kutoka kwetu miaka yote hiyo, hakuniita hata siku moja aniambie njoo ukae hapa utazame. Halafu ananicheka.

Mei 2
Upepo. Siku 21 bila mvua.

Mei 3
Upepo.

Mei 11
Mahindi yameota, mashina 188 kati ya 214. Kunguru wamekula 9, mengine sijui. Maji ya kumwagilia tunabeba kwa madebe.

Mei 19
Siku 38 bila mvua.

Leo nimempelekea Mjomba piki, mkate mwembamba wa mahindi aliouoka Leona. Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijabisha nikasikia kisu. Huo mlio siwezi kuukosea: mzizi mkavu, kisu kikali, mikato mifupi mifupi. Nikasimama pale na piki mkononi. Nilimwona kwa upande, ameketi kwenye kigoda, uso wake ameuelekeza ukutani, si kwenye mikono. Kipande cha mkiani kilikuwa mapajani. Tayari kilikuwa na mabega.

Nilikohoa. Akakifunika kwa kitambaa taratibu, bila haraka, akanigeukia, akasema, “Nani?” Nilikuwa nimesimama hatua tatu mbele yake, mwanga wa jua ukiwa wote kwangu.

Nimerudi nyumbani. Talasi alikuwa shule. Nikamuuliza Leona, Mjomba anachonga nini? Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomozea wapi.

“Anachonga cha nani, Emory? Wasichana wa nyumba hii ni wangapi?”

“Aliniambia ni mazoezi ya mkono.”

“Alikuambia hivyo kwa sababu wewe ukiambiwa jambo unaleta rula.”

Kisha akaniambia mengine. Mjomba haoni. Jicho la kulia tangu miaka mitatu iliyopita, la kushoto sasa linatofautisha mlango na ukuta tu. Leona amejua tangu majira ya baridi na amekatazwa kusema. Amekatazwa hasa kuniambia mimi.

Nikauliza kwa nini mimi. Akasema, muulize mwenyewe.

Nimekaa bandani mpaka jua limeshuka bila kugusa patasi. Hesabu ni hii. Nimeshaona vipande vyenye sauti ile, kama 40. Vilivyopasuka kabla ya kwisha: 26. Vingi hupasuka hewa ikibadilika, kiangazi kikiingiwa na unyevu. Hapa hewa hubadilika Julai, wiki ile ile. Kwa hiyo Talasi ana nafasi 14 kati ya 40. Kama kipande kile kingekuwa bomba nisingelifunga kwenye nyumba ya mtu yeyote.

Ningeweza kwenda sasa hivi kusema. Sentensi moja tu: Mjomba, kile nilichokupa kina ufa, na nilijua.

Sikwenda.

Mei 20
Sikwenda.

Mei 27
Upepo. Funza wa mahindi. Nimewaua kwa mkono, 112. Sikwenda.

Juni 8
Siku 58. Mashina 151.

Leo nimejaribu njia ya kuzunguka. Nimempelekea Mjomba kipande nilichobakiza mwaka juzi, chembamba lakini kizima, nikamwambia huu ni mzizi bora kuliko ule, tubadilishane, ule nina kazi nao. Alikibisha. Kililia vizuri, aliusikia mlio wake na mimi nikausikia.

“Una kazi gani na kile cha zamani?”

“Kazi tu.”

“Hiki hakitoshi hata mkono. Basi kila mtu abaki na alichopewa, mpwa.”

Alinigeuzia uso kama anayenitazama. Akangoja. Nikamuuliza kama kuni zinamtosha. Akasema zinamtosha.

Nikiwa njiani niliona kwamba si mimi tu niliyekuwa nikiingoja ile sentensi.

Juni 13
Mchezaji wangu anakwisha. Mguu wa juu una vidole vyote vitano, kila kucha imechongwa. Saa 311 mpaka leo. Sijawahi kufanya kazi hivi. Naiangalia na hainifurahishi.

Juni 21
Jua limefika mwisho wake na limegeuka. Siku 71.

Juni 30
Talasi ameuliza wakati wa chakula kama mwaka huu atapewa tena bua. Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ajipangeje. Leona akamwambia katsina huona mioyo ya watoto. Talasi akasema basi mwaka jana labda hawakuona vizuri.

Nimerudi bandani.

Julai 2
Siku imetangazwa: tarehe 20. Siku 82 bila mvua.

Mjomba ameniita kwake. Talasi alikuwa amekwenda na mama yake Flagstaff, mlango ukafungwa, kitambaa kikafunuliwa. Bado hajapakwa rangi. Umbo la zamani, lile ninalolijua kwenye kuta za bibi zetu: mikono imekunjwa tumboni, miguu mifupi, hana kigango, kile kitako cha mti cha kusimamia, kwa sababu tihu hasimami mezani, huning’inia ukutani kwa uzi, anamtazama mtoto. Nilimpima kwa macho, siwezi kuacha. Kichwa kimezidi theluthi. Bega moja limeshuka. Hakuna hata kipimo kimoja kinachokubaliana na jedwali langu.

Ni mzuri kuliko zote 163.

Nimemwambia hivyo. Nilisema, huyu ni mzuri, Mjomba. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka na ile sentensi nyingine ilikuwa pale pale nyuma ya meno. Akasema, kuna jingine? Nikasema hapana.

Julai 8
Siku 88. Asubuhi mawingu ya kwanza juu ya milima ya magharibi, hayakufika. Lakini hewa imebadilika. Chumvi imeloa kwenye kopo.

Saa nne Leona amekuja bandani, akasimama nje akaniambia nenda kwa Mjomba, acha kila kitu.

Tihu alikuwa juu ya meza. Ufa umeanzia shingoni ukashuka mpaka kwenye mikono iliyokunjwa, umefunguka kiasi cha kupitisha kadi. Tayari alikuwa amepakwa udongo mweupe, kwa hiyo ulionekana mweusi kabisa. Mjomba alikuwa anauchora kwa kidole gumba, juu, chini.

“Umelia kama kijiti kikivunjwa,” akasema. “Nilikuwa nakunywa kahawa.”

Nikakaa. Nikaisema. Mjomba, kile kipande kilikuwa na ufa tangu mtoni. Nilijua. Nilikuwa na vipande vitatu nikakupa kibovu.

“Najua,” akasema. “Nilikibisha.”

“Tangu Machi?”

“Macho ndiyo yameharibika, mpwa. Masikio ni mazima.”

Nikamwambia, ulijua, na ukachonga miezi minne, tihu wa mtoto? Umemweka Talasi rehani ili unipime mimi?

“Na wewe ulimweka rehani kwa nini?”

Nikautazama ule ufa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba si kupima peke yake. Alisema mwanzoni alidhani nitakuja kesho yake. Kisha wiki ijayo. Kisha akawa ameshaanza, na mkono ukawa umechangamka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akaanza kujidanganya kwamba akienda na mkondo wa mti polepole, utashika. Mzee mzima, akasema, anabishana na sauti aliyoisikia mwenyewe.

Ndipo nikauliza la mwaka jana. Nimelibeba siku 351, nilikuwa na haki ya kuuliza.

Akasema, “Sikukiona. Ulinipa, nikagusa. Nikakuta vanishi inateleza kama sahani, na chini kigango. Uso wake sikuuona. Ningekuambia nini? Nisomee mpwa, mimi kipofu? Nikasema neno la kwanza lililonijia.”

“Lilinijia mimi pia. Kila siku.”

“Najua. Na mimi nilikuwa nachonga changu kwa ajili ya mtoto, nikajikata hapa.” Akanyoosha mkono wa kushoto, kovu kutoka kidole cha shahada mpaka kiganjani. “Damu ikaingia kwenye mti. Hakitolewi kitu kama hicho. Nikakaa ndani siku ile. Nililisikia lile bua likipita hapo nje. Majani yake yanaburuta.”

Nje upepo. Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Mto umekauka, na hata ningepata mzizi leo ungehitaji miezi. Katika nyumba hii na ile yetu kulikuwa na kipande kimoja tu cha paako, yaani mzizi wa kuchonga, kizima na cha kutosha, na kilikuwa na mguu mmoja juu na vidole vitano.

Nimekwenda kukileta. Njiani nilikihesabu tena, saa 340 sasa. Nimekiweka mikononi mwake. Amekishika muda mrefu kuliko sekunde kumi. Amegusa vidole vya mguu kimoja kimoja.

“Kazi kubwa,” akasema. “Una hakika?”

“Kifuani kuna sentimita 24 za mti safi. Zinatosha.”

“Sikuuliza sentimita.”

Nikachukua msumeno. Mguu wa juu ulianguka kwanza.

Julai 9
Nachonga kwake, mlango umefungwa. Yeye anagusa, mimi nakata. Rula hairuhusiwi kuingia.

Julai 11
“Hapa.” Anaweka kidole gumba. “Bado.” “Hapa tena.” Leo amesema maneno hayo mawili mara nyingi hivi kwamba niliacha kuhesabu, na mimi huwa siachi.

Julai 12
Nimemuuliza kwa nini hakuniita nikiwa kijana. Akasema nilikuwa Winslow. Nikasema nilirudi. Akasema, ulirudi na jedwali. Mtu mwenye jedwali unamwita aje kufanya nini? Nikasema ungeniita tu. Akafikiri. Akasema, kweli, ningekuita.

Hilo naliandika kwa kalamu ya wino.

Julai 14
Udongo mweupe. Unakauka bila ufa. Siku 94.

Julai 15
Rangi. Samawati ya tihu ni ya jiwe. Mjomba ametoa bonge dogo kutoka mfuko wa ngozi, la babu yake, nimelisaga saa mbili juu ya jiwe. Limeingia chini ya kucha.

Julai 16
Hapa nusura tuharibu kila kitu.

Wakati wa chai Talasi amenishika mkono, akaugeuza.

“Babu, mbona kucha zako za samawati?”

Leona aligeukia jiko. Mimi nikasema nimepaka mlango.

“Mlango gani?”

“Wa choo.”

Akasema mlango wa choo ni wa mabati mabati tu, amekwenda asubuhi. Nikasema nimejaribu rangi ubaoni kwanza, mlango nitaupaka leo. Akaniangalia. Ana macho ya mama yetu, yale yanayokagua.

Basi nimeendesha pikapu kilomita 100 kwenda na 100 kurudi Winslow kutafuta kopo la samawati, na tangu saa nane mchana nimepaka mlango wa choo tabaka mbili. Jirani amepita akauliza tunamtegemea nani mgeni mkubwa. Talasi amekaa juu ya ndoo akitazama mpaka mwisho. Alisema umependeza. Sikupenda alivyosema.

Julai 18
Mjomba amemshika tihu dakika nzima, kichwani, mabegani, tumboni, miguuni. Chini kabisa alitafuta kigango. Hakipo. Akamfunga tihu uzi shingoni yeye mwenyewe, kwa fundo ambalo mikono yake inalijua bila macho.

“Anamtazama nani?” nikauliza.

“Niambie wewe. Wewe ndiye unayeona.”

Nikamwangalia tihu. Nikamwambia.

Kilichofuata baada ya hapo si cha daftari.

Julai 19
Nimesugua kucha kwa mchanga mara tatu. Bado kuna mstari kwenye kidole cha kati. Nimekifunga plasta.

Julai 20
Siku ya 100 bila mvua. Nimehesabu mara mbili.

Katsina wamekuja jua linapochomoza, mikono imejaa mahindi mabichi na mabua, na wasichana wamesimama mstari na shali zao. Nilikuwa juu ya paa la dada, na Mjomba kando yangu kwenye kiti cha plastiki. Ananiuliza kila mara, sasa? Namwambia bado. Wa kwanza amepewa, wa pili, wa tano. Talasi alikuwa wa tisa. Alikuwa ameshanyoosha mikono miwili karibu karibu, kama mtu anayejiandaa kupokea bua.

“Sasa?” Mjomba akasema.

Nikamshika goti. Akaelewa.

Talasi hakuruka wala hakupiga kelele. Alimpakata tihu wake, akatembea kuja nyumbani katikati ya watu wote bila kutazama kando, sisi tukashuka ngazi nyuma yake, nikimwongoza mzee. Lakini hakuingia ndani. Alizunguka nyumba. Nikamwona anaelekea chooni na tihu mkononi, nikajua anachokwenda kufanya kabla hajafika, na miguu yangu ikasimama.

Alimwinua tihu akamweka ubavuni mwa mlango. Samawati kwa samawati. Akasogeza uso. Akamsogeza tihu juani, kisha kivulini, akautazama mlango, akamtazama tihu. Mjomba alinikamata kiwiko akauliza kwa mnong’ono kuna nini. Nikamwambia anapima.

“Babu,” Talasi akaita.

“Naam.”

“Umekosea rangi.”

“Nimekosea?”

“Hii yake si kama hii. Yake ni nzuri. Yako kama ya duka.” Akamgeuza anionyeshe, kwa huruma kabisa, kama mwalimu. “Ungeona hii kwanza, ungejua.”

Mjomba Orin aliinama juu ya fimbo yake akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu sana kwisha.

Nimempigilia msumari ukutani juu ya kitanda chake. Nikauliza urefu gani. Hakusema namba. Alipanda kitandani, akaweka kidole ukutani, akasema hapa.

Julai 23
Mvua. Ilianza saa saba mchana, imenyesha mpaka saa kumi. Milimita 19. Mashina 139 yamesimama. Katsina wamekwenda na mvua imekuja, kama inavyotakiwa.

Maonyesho ya Agosti nimeandika barua kwamba sitapeleka kitu.

Julai 26
Watu wa kule chini wanasema mto unapanda. Kesho kutwa utakuwa umepungua, nitakwenda na Mjomba. Amesema ataleta fimbo na mkate, na yule tihu aliyepasuka amemfunga kitambaani; tutamrudisha alikotoka. Nimemwambia kuna mita 300 za tope. Akasema hakuniuliza mita.

Nitakata mimi. Vipande vyote atavibisha yeye kwanza.